Ncha Mbili za Kipimo

Nyanda za Basotu, katika wilaya ya Hanang, zajulikana kwa ngano. Katika miaka ya 1970 Serikali ya Tanzania, ikisaidiwa na Kanada, ilikuwa na mashamba makubwa huko yaliyolimwa kwa matrekta. Na palipo na matrekta hapakosi mafundi.

Katika karakana ndogo ya Katesh, chini ya Mlima Hanang, alikuwako kijana mmoja aliyejifunza kazi ya chuma. Siku moja alipewa kiungo cha tela, akaambiwa atoboe matundu manne na kuyakata hesi, yaani ile mifuo izungukayo ndani ya tundu ambayo bolti huishika. Bolti zilikuwa za milimita 10. Kijana akatoboa kwa keekee ya milimita 8.5, kisha akakata kwa tepu.

Alipokwisha, mzee fundi alitoa kipimo chenye ncha mbili. Ile ndefu huitwa ipitayo, na ile fupi huitwa isiyopita. Ya kwanza sharti iingie mpaka mwisho kwa nguvu za vidole tu. Ya pili isizidi mizunguko miwili. Tofauti ya unene wao ni karibu sehemu 18 za mia za milimita moja, wala jicho haliwezi kuiona.

Matundu matatu yalifaulu. La nne liliipokea ncha ipitayo upesi, kijana akafurahi. Lakini isiyopita nayo ikazama yote. Tepu iliyumba mikononi mwake alipoanza kukata, tundu likapanuka.

“Mzee,” akasema, “bolti inaingia, tena inakaza. Mwenye tela anangoja. Nani atajua?”

Mzee hakumkemea. Akamwuliza, “Tela hili litapita wapi?”

“Litachukua vitunguu saumu Mbulu, lishuke navyo kwa njia ya Magara.”

“Na juu ya magunia watakaa nani, mwanangu?”

Kijana akanyamaza. Alijua ya kuwa wanawake waendao sokoni hupanda huko juu, na mama yake ni mmoja wao. Hesi zilizolegea hushikana kwa kingo tu. Mzigo uvutapo mteremkoni, hukatika.

Mzee akamweleza pia kwamba zamani kila karakana ilikata hesi kwa namna yake, hata mwaka 1841 Joseph Whitworth wa Uingereza alipotoa shauri la hesi zilizo sawa kwa wote. “Lakini usawa huo,” akasema, “hulindwa na mkono wa kila fundi.”

Basi kijana akalitoboa tundu lile upya kwa bolti ya milimita 12, mara hii akiisimamisha tepu wima. Akachukua kipimo cha ukubwa huo. Ncha ya kwanza ikapita. Ya pili ikagoma katika mzunguko wa kwanza.

Tela lilichelewa mpaka jioni, na mwenyewe akanung’unika. Kijana hakujibu neno. Alikuwa amejifunza ya kuwa kazi njema hujulikana kwa inachokubali, na zaidi kwa inachokataa.