Baba, ngiri na foleni mbili

Baba hakuniambia mimi. Alimwambia mama, mama akamwambia mdogo wangu wa kiume, naye ndiye aliyenipigia simu: "Dada, mzee ana ngiri, na ni ya siku nyingi." Kwetu Matambarale mwanaume mtu mzima hazungumzi na binti yake habari za kinena. Kumbe alikuwa ameificha miaka miwili, analima huku ameishikilia kwa mkono.

Mwezi Aprili tukampeleka hospitali ya serikali. Tuliondoka alfajiri na bodaboda, saa moja asubuhi tukawa benchini. Dirisha la wazee lilikuwepo, na baba ana miaka 67, lakini siku hiyo wazee walikuwa wengi kuliko vijana. Kuandikisha, kumwona daktari, kupima, kusubiri majibu. Saa nane na nusu mchana ndipo tukaambiwa anahitaji upasuaji. Tarehe akapewa ya baada ya wiki sita. Malipo hakuna, kwa kuwa ni mzee wa msamaha.

"Wiki sita?" baba akaguna. "Bora tulipe."

Wiki iliyofuata tukaenda hospitali binafsi. Sitasema uongo, palipendeza. Feni zinazunguka, dakika 40 tu tukawa mbele ya daktari, naye akasema hata kesho yuko tayari. Kisha dirisha la malipo wakatupa karatasi: shilingi 750,000. Tukaikunja, tukarudi nyumbani.

Baba alipokuwa kijana uchaguzi huo haukuwepo. Sheria ya 1977 ilizuia hospitali za kibiashara, zikaruhusiwa tena mwaka 1991. Huku kusini watu walikuwa na za serikali na za misheni, kama Ndanda na Nyangao, basi.

Sasa 750,000 ya mkulima wa Ruangwa haikai mfukoni, inakaa shambani. Aprili ufuta bado uko kijani. Lazima ukomae, ukatwe, ufungwe mafungu na kusimamishwa ukauke, ukung'utwe, upepetwe, upelekwe chama cha msingi, ukae ghalani kusubiri mnada. Mnada ukipita, unasubiri fedha ziingie benki. Hiyo ndiyo foleni tuliyojipanga tukidhani tumekwepa foleni. Haina benchi wala namba, kwa hiyo hakuna aliyeihesabu. Tarehe ya serikali ilifika mwishoni mwa Mei, ikapita, baba yuko shambani anakata ufuta. Kadi yake ya kliniki nilikuwa nayo mimi, kwenye mkoba wangu. Sikumkumbusha. Na mimi nilikuwa nimeshazitamani zile feni.

Usiku mmoja wa Juni ngiri ikagoma kurudi ndani. Tumbo likajaa, akaanza kutapika. Mdogo wangu akakimbia kutafuta gari la kukodi, na njiani hakuna aliyeuliza tunaenda hospitali gani. Ile ile ya benchi ilimpokea saa saba usiku. Saa tisa alikuwa chumba cha upasuaji. Hatukupewa namba, hatukuulizwa fedha kwanza. Tulitumwa kununua vitu vichache duka la dawa la nje, tukanunua. Asubuhi daktari, kijana mdogo mwenye macho mekundu kwa kukesha, alituambia utumbo ulikuwa umenasa, ila ulikuwa bado mzima. Kungekucha kabla hatujafika, angelazimika kukata kipande.

Mama alikaa chini palepale ukumbini.

Fedha za ufuta ziliingia baba akiwa ameshatolewa nyuzi. Kabla ya kulipa deni la gari alitoa 30,000 ya CHF iliyoboreshwa, ile ya kaya ya watu sita, maana mama hajafikisha miaka ya msamaha na wajukuu wanne wako pale nyumbani. Kwa kweli alifanya hivyo bila kushauriwa na mtu.

Sasa mama jicho la kushoto linaingia ukungu. Amepewa tarehe Septemba, hospitali ya serikali. Safari hii nimeiandika kwa chaki ukutani, juu ya kitanda chao, na mdogo wangu ameiweka kwenye simu.