Njama Hutangulia Moto

Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Nikiwa mtoto huku Ufipa, niliwasikia wazee kilabuni wakipanga kumwangamiza bibi jirani yetu, eti mchawi. Siku chache baadaye nyumba yake iliteketea, naye akiwa ndani. Walikamatwa vijana waliowasha moto tu.

Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 215, inaadhibu kula njama ya kuua kwa kifungo cha hadi miaka 14, hata kama hakuna aliyekufa. Makubaliano yenyewe ndiyo kosa. Kwa hiyo askari mwanafunzi afundishwe kuuliza: nani walikubaliana, wapi, lini? Lakini pia afundishwe kwamba kusikia si kukubaliana. Mimi nilisikia, nikanyamaza. Bibi yule ananidai.