Stesheni Iliyongojea Merikebu



Mwenyezi Mungu ametuhimiza tutembee katika ardhi, tuyatazame ya waliotutangulia. Mwaka 2008 nilijaaliwa kufika Istanbul, na mwenyeji wangu akanipitisha Yenikapı, mtaa ulio kando ya Bahari ya Marmara. Hapo palikuwa pakijengwa stesheni ya chini ya ardhi, ya treni zitakazopita chini ya bahari baina ya Ulaya na Asia. Fikra hiyo ni kongwe. Mwaka 1860, zama za Sultan Abdülmecid, ilikwisha kuchorwa.

Nilitarajia ngurumo za mitambo. Badala yake niliona watu waliopiga magoti, wakipangusa mbao nyeusi kwa brashi, huku maji yakinyunyizwa juu yake. Kwani mti uliokaa karne nyingi topeni ukikauka ghafla hupasuka.

Kumbe hapo palikuwa bandari ya Theodosius, ya karne ya 4. Mto uliijaza tope, bahari ikarudi nyuma, watu wakalima mboga juu yake, nayo ikasahauliwa hadi wachimbaji walipoifikia kuanzia mwaka 2004. Jumla ya merikebu 37 zilipatikana, na chini zaidi, nyayo za watu wa maelfu ya miaka kabla ya bandari hiyo.

Kazi ikachelewa kwa miaka. Walionung'unika hawakukosa hoja, maana mji ule una msongamano mkubwa. Hata hivyo mbao zilitolewa kwa taratibu, na tarehe 29 Oktoba 2013 treni zikaanza kuvuka. Leo abiria huvuka bahari kwa dakika chache tu.

Katika merikebu moja walikuta jiko la nahodha na kikapu chenye kokwa za cheri. Habari hiyo ilinichoma moyo. Babu yangu naye alikuwa nahodha. Nilipojenga upya nyumba yetu, kwa pupa ya kumaliza kabla ya Ramadhani, niliamuru kasha lake limwagwe. Karatasi zake, alizoziandika kwa herufi za Kiarabu, zilichomwa pamoja na takataka. Mama, Allah amrehemu, alisimama mlangoni asiseme neno. Nyumba ilikwisha mapema. Sasa wajukuu huniuliza babu yule alisafiri hadi bandari gani, nami sina jawabu.

Mama zangu na dada zangu, aghalabu funguo za makasha mnazo ninyi. Fundi akija kuvunja ukuta, mwambieni angoje. Lifungueni kasha, mwiteni mzee aeleze kilichomo, na mtoto mmoja aandike. Waliongojea stesheni hatimaye waliipata. Karatasi iliyoungua haingojewi.

Wabillahi tawfiq.