Ziara ya Ngomeni: Jiwe la Nahodha na Wanawake Hamsini

Familia nyingi za Mombasa hupita mbele ya Ngome ya Yesu kila uchao bila ya kuingia ndani. Mama atoka sokoni, watoto warudi madrasa, mzee aenda kupunga upepo wa pwani. Ukuta uko pale pale, nasi tumeuzoea kama tulivyouzoea mvumo wa bahari. Wanaojaa langoni ni wageni waliotoka mbali. Makala haya yanakusudia kumhimiza ndugu msomaji awachukue wanawe siku moja ya likizo, awaingize Ngomeni. Makumbusho yaliyomo humo yanazungumza habari zetu wenyewe, na baadhi ya habari hizo zinahitaji mzazi awepo ndipo zifahamike sawasawa.

Ngome hii ilianzwa kujengwa na Wareno mwaka 1593, kwa ramani ya mjenzi wa Kiitaliano aliyeitwa Giovanni Battista Cairati. Waonyesheni watoto jinsi ilivyosimamishwa juu ya mwamba wa matumbawe, na jinsi buruji zake nne zilivyochomoza pembeni, ili askari walio katika moja waweze kuulinda ukuta wa nyingine. Lengo la Wareno lilikuwa kushika mlango wa bandari na biashara ya bahari hii. Mawe yalitoka hapa hapa pwani. Amri ilitoka ng'ambo.

Langoni pana bamba la jiwe lenye maandishi ya Kireno, la mwaka 1639. Nahodha wa ngome wakati huo, Francisco de Seixas de Cabreira, anajisifu humo kwamba aliitengeneza upya ngome, akawatiisha watu wa pwani, akawaadhibu Pate na Siyu na kuzibomoa kuta za miji yao. Msomaji mwenye asili ya visiwa vya Lamu atayasoma maneno hayo kwa moyo mzito. Bwana huyu alitaka akumbukwe, na kwa kuwa alikuwa na mamlaka, alipata jiwe la kuandikia.

Jiwe lile linagusia uasi uliotangulia, nao ni wa mwaka 1631. Sultani Yusuf bin Hasan alikuwa mtoto wakati baba yake alipouawa kwa njama za Wareno. Alipelekwa Goa, akalelewa na mapadri, akabatizwa na kupewa jina la Dom Jerónimo, kisha akarejeshwa Mombasa atawale chini yao. Mwezi wa Agosti mwaka huo aliingia ngomeni, akamuua nahodha, akarudi katika Uislamu na kuitwaa ngome. Wengi wetu tumesimuliwa kisa hiki kwa fahari, na dhulma aliyotendewa Yusuf ni kubwa. Lakini kumbukumbu zinaeleza pia kwamba Wakristo wa mji waliokataa kusilimu waliuawa, wakiwamo wanawake na watoto. Mzazi asiifiche sehemu hii. Dini yetu imetuamrisha uadilifu hata panapo uchungu juu ya nafsi zetu, na mtoto aliyefundishwa nusu ya tarehe huja akaipata nusu ya pili kwa mtu asiyemtakia mema.

Kisha ukaja mzingiro mkubwa. Mwezi wa Machi 1696 majeshi ya Oman yaliizingira ngome, na hayakuingia mpaka Desemba 1698, baada ya miaka miwili na miezi tisa. Watu walidhani vita vile vilikuwa vya Waislamu kwa Wareno peke yao, na sivyo. Bwana Daud wa Faza, Mwislamu wa pwani, alikuwa ndani pamoja na Wareno, kwani Faza na jirani yake Pate walikuwa na uhasama wa muda mrefu. Maradhi yaliwamaliza walinzi. Katika mwaka 1697 ilifika hali ambapo waliosalia ngomeni, kwa mujibu wa kumbukumbu za mzingiro, walikuwa nahodha, Bwana Daud na jamaa zake 17, wanaume Waafrika 8, na wanawake Waafrika 50.

Hapa nawaomba akina mama wasimame kidogo. Katika hesabu hiyo wanawake ndio walio wengi. Nani aliyepika chakula kilipokuwa haba? Nani aliyewauguza wagonjwa, akawaosha maiti, akakesha juu ya ukuta? Huenda mikono ya wanawake hao hamsini ilikuwamo katika kila kazi. Nahodha mmoja alipata bamba la jiwe. Wao walipata tarakimu moja tu, bila ya jina la hata mmoja. Ukilitazama birika kubwa la maji ya mvua lililomo ndani, mfikirie mwanamke aliyechota humo akihesabu maji yaliyobaki, na sijui watoto wangapi wakimngoja.

Baada ya 1698 ngome ikawa ya Waomani, isipokuwa mwaka mmoja hivi, 1728 hadi 1729, Wareno waliporudi. Wakafuata maliwali wa Kimazrui, waliotawala Mombasa kwa hiari yao mpaka Seyyid Said alipoitwaa mwaka 1837. Nyumba ya Kiomani iliyo juu ya buruji mojawapo ni ya zama hizo, na ndipo pahali pazuri pa kupumzika na watoto, kwani upepo wake ni mwanana.

Mwaka 1895 Waingereza waliigeuza kuwa jela. Wataalamu wa lugha hulirejesha neno letu "gereza" kwenye neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wazee wetu waliliita hivyo jengo la ngome, na baadaye maana ikahamia kwenye kifungo. Neno lenyewe basi ni makumbusho madogo. Wafungwa waliondolewa mwaka 1958, ngome ikawekwa chini ya hifadhi, na James Kirkman akasimamia uchimbuaji na kuanzishwa kwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO iliitia katika orodha ya urithi wa dunia.

Ndani mna vyombo vya udongo na vya kauri vilivyochimbuliwa katika miji yetu ya kale, baadhi vikitoka Uchina, na vitu vilivyoopolewa kutoka Santo António de Tanná, merikebu ya Kireno iliyozama mbele ya ngome mwaka 1697. Watoto hupenda zaidi michoro ya meli na watu iliyochorwa ukutani na askari wa Kireno. Askari wale walikuwa mbali na mama zao, na walichora kama watoto wanavyochora daftarini.

Nendeni asubuhi kabla jua halijakaza, mvae viatu vya kutembelea, mchukue maji. Mwananchi hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni, basi msisahau vitambulisho. Adhuhuri ikiingia, misikiti ya Mji wa Kale iko karibu, ukiwamo ule wa Mandhry, miongoni mwa ile ya zamani kabisa mjini. Na mkirudi nyumbani, kabla ya chakula, mwambieni kila mtoto ampe jina mmoja wa wale wanawake hamsini, kisha aeleze alifanya kazi gani siku ile. Bibi akiwapo, naye asikilize, kwani huenda akawa na la kuongeza kuhusu bibi zake mwenyewe, nalo liandikwe kabla halijapotea.