Goring, pale mto unapopasua vilima

Ukitaka kuielewa Goring, kijiji cha Uingereza, usianzie Goring. Vuka daraja uingie Streatley, kijiji pacha cha ng'ambo, kisha ukwee kilima cha Lardon Chase hadi pumzi zikuishe. Geuka sasa. Mto Thames umejipenyeza kati ya vilima vya Chiltern na nyanda za juu za Berkshire, ukaikata safu moja ikawa mbili. Fukua udongo kwa kidole. Mweupe pe, unaacha vumbi mkononi kama ubao wa darasani, maana ni chaki hasa: mabaki ya viumbe wadogo wa baharini waliotuama enzi za dinosaria. Humo mmepachikwa vipande vya gumegume, vyeusi, vikivunjika vinakata kama kisu.

Upenyo huo ndio ulioleta watu. Njia ya kale ya Ridgeway, kilomita 139 kwa mwenye kuimaliza leo, hushuka na kuvukia papa hapa. Mwaka 1840 ikaja reli ya mhandisi Brunel, nayo ikabanana humohumo. Treni huvuka Thames mara mbili, juu na chini ya Goring, kwa madaraja ya matofali mekundu.

Zamani kuvuka kulikuwa kwa kivuko. Julai 1674 watu wapatao 60, wakirejea Streatley kutoka sherehe ya Goring, walizama kivuko kilipopinduka. Daraja la kwanza lilikuja 1837. Hili la leo ni la 1923. Kila ninapopita hulazimika kusimama. Maji yanaporomoka kwenye kizuizi kwa kishindo kile kile cha usiku na mchana, na mtu anaona jinsi safari fupi ya kurudi nyumbani ilivyoweza kukatika.

Mwandishi Oscar Wilde alikaa hapa 1893, na jina la kijiji akampa mhusika wake, Lord Goring. Mwanamuziki George Michael aliishi kando ya maji haya hadi kifo chake, Krismasi ya 2016. Siwashangai.

Mimi hupenda jioni, penye malango ya kushushia mashua. Mashua inaingia, lango linafungwa nyuma yake, maji yanapungua kimyakimya. Waliomo wanateremka taratibu huku wakizungumza, mpaka zinabaki kofia tu. Lango la mbele linafunguka, nao wanaelekea pale vilima vinapokaribiana.