Hatukupotelewa na Mbuzi

Tulipomzika Baba Agosti iliyopita, mimi kifungua mimba ndiye niliyesoma wasifu wake. Ulikuwa ukurasa mmoja na nusu: alikozaliwa, alipobatizwa, shule alizozijenga kwa mawe aliyoyachonga kwa mkono wake, mjane, watoto wanne na wajukuu tisa aliowaacha. Niliporudi kuketi ndipo nilipoona kwamba hakuna hata mstari mmoja uliotaja vilima. Mtu ambaye hakuweza kupitisha Jumamosi mbili bila kupanda mahali tulimuaga kana kwamba hakuwahi kutoka nje ya kiwanja cha ujenzi. Jambo hilo limeniuma tangu siku ile.

Safari ya kwanza aliyotupeleka ilikuwa Januari 1988, kabla shule hazijafunguliwa. Nilikuwa na miaka kumi, ndugu yangu minane, dada yetu sita. Mdogo wetu alikuwa bado mgongoni kwa Mama.

Kwetu, chini ya vilima vya Iveti, mtu hupanda kilima akiwa na haja: kuni, mzinga wa nyuki, mbuzi aliyepotea. Alfajiri ile jirani yetu alituona tukishuka kwenda stendi ya Machakos, Baba na kibuyu cha uji begani, sisi na akala mpya miguuni. Akauliza, “Mmepotelewa na mbuzi?” Baba akajibu kwamba hatukupotelewa na kitu, tunakwenda kuona Kilimambogo. Jirani alisubiri aelezwe zaidi. Baba hakuwa na zaidi. Mama naye alikuwa amekwisha kusema usiku kwamba nauli ile ingenunua kilo kadhaa za maharagwe, na alisema kweli. Mshahara wa fundi wa mawe haukuwa na nafasi ya matembezi. Nauli hiyo Baba aliichanga tangu Oktoba, na nilikuja kujua baadaye kwamba muda wote huo alikuwa akienda kazini kwa miguu.

Tulipita Kangundo na Tala, kahawa pande zote mbili za barabara, tukalala mji wa Donyo Sabuk kwa rafiki yake Baba wa kazi. Mlima ulikuwa juu ya paa la nyumba hiyo, mweusi, umejaa angani. Wamaasai waliuita Ol Donyo Sabuk, mlima mkubwa. Kiswahili kikauita kwa mbogo wake. Sisi Wakamba tunauita Kyanzavi, na nzavi ndiyo njahi, yale maharagwe meusi ya kulishia mzazi. Usiku ule Baba alitufundisha majina yote matatu kitandani, akatusikiliza tukiyarudia mpaka dada akasinzia.

Kulipopambazuka tulikuwa langoni. Mahali hapo ni mbuga ya taifa tangu 1967, na kwa sababu ya mbogo hakuna aliyeruhusiwa kwenda kwa miguu bila askari wa wanyamapori. Kwa hiyo askari alitangulia na bunduki yake, nikafuata mimi, kisha ndugu yangu, kisha dada. Baba alikuwa wa mwisho. Mwanzoni niliona aibu, nikidhani amechoka kabla yetu. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba kutoka pale nyuma aliiona migongo yetu yote mitatu kwa mara moja.

Kilomita tisa za kupanda ni nyingi kwa mguu wa mtoto wa miaka sita. Baba hakutuhimiza hata mara moja. Alitusimamisha mara kwa mara na kutuonyesha vitu: mbega waliokuwa wakiruka juu ya miti na mikia yao myeupe, kinyesi cha mbogo, jinsi ya kukigeuza kwa kijiti kujua ni cha jana au cha leo. Kimoja kilikuwa bado kinafuka. Askari akainua mkono. Tulisimama, tukasikia matawi yakivunjika kichakani, na harufu kama ya zizi ikatufikia. Kiganja cha Baba kilitua kichwani pangu na hakikutetemeka. Matawi yakanyamaza. Tukaendelea.

Karibu na kilomita ya saba kuna makaburi. Mmoja wa waliolala hapo ni William Northrup McMillan, Mmarekani tajiri aliyemkaribisha Theodore Roosevelt katika shamba lake la Juja mwaka 1909. Alifariki mwaka 1925 na alikuwa ametaka azikwe kileleni. Inasimuliwa kwamba gari lililobeba jeneza lilishindwa na mwinuko, wakamzika lilipokwama. Baba alivua kofia, akapitisha kidole kwenye maungio ya mawe kama alivyofanya kila mahali palipokuwa na kazi ya fundi mwenziwe. “Alipapenda,” alisema, akavaa kofia.

Kileleni, mita 2,146 juu ya bahari, ukungu ulikuwa bado umelala bondeni. Kaskazini tuliuona Mlima Kenya. Baba akatueleza kwamba mwaka 1849 mmisionari Krapf aliuona akiwa Kitui kwa mwenyeji wake Kivoi, na kwamba jina aliloliandika ndilo lililokuja kuwa la nchi nzima. Halafu akatugeuza kusini. Nilikodoa macho muda mrefu kabla sijatambua kwamba lile wingu moja lisilosogea ni theluji ya Kilimanjaro. Dada aliuliza ni nani anayeishi kule. Baba alikaa kimya, kisha akasema, “Watu wenye watoto.”

Tuliposhuka alitupeleka kwenye maporomoko ya Fourteen Falls. Mto Athi uliporomoka ukiwa mwekundu kama chai ya maziwa iliyokolea, nami nikausifu. Uso wake ulibadilika. “Hayo unayoyaona yakienda ni mashamba ya watu.” Hilo alilijua kwa jembe. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni ilipowanyang’anya Wakamba ng’ombe ikidai ni wengi mno na wanaharibu ardhi, maelfu waliandamana hadi Nairobi wakiongozwa na Muindi Mbingu. Babu alikuwa kijana wakati huo, na kazi ya kuchimba matuta kwa amri ya chifu aliichukia hadi alipokufa. Baba aliyachimba kwa hiari, na wenzake wa mwethya, kikundi cha kazi za pamoja, mtaro chini na udongo ukirushwa juu, ndiyo maana yakaitwa fanya juu. Vilima vya Machakos vilivyodhaniwa vimekwisha vina mahindi leo kwa sababu ya mikono kama ile. Tumemzika kandokando ya tuta lake la tatu.

Tulifika nyumbani usiku, dada amelala mgongoni pake. Alitukagua miguu chini ya koroboi, kidole kwa kidole, akitutoa kupe. Mama alitupakulia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, bila neno. Baadaye, moto ulipozimika, aliuliza taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa, mmeona nini huko.

Baba aliinua sufuria kutoka mafigani. Figa la huku, alisema, ndilo Mlima Kenya. La kule ni Kilimanjaro. Hili la kati ndilo tulilosimama juu yake.

“Na hapa kwetu?”

Akachukua punje moja ya muthokoi kutoka sahani yangu, akaiweka kwenye majivu. Mama akasogeza koroboi, akainama kuitazama.