Forodhani kwa Macho ya Mtu wa Lubumbashi

Kwetu Lubumbashi, anayetaka kupunga upepo jioni huelekea ziwani, upande wa hoteli ya Karavia. Bahari iko mbali mno. Nilivuka mpaka Kasumbalesa, nikapanda TAZARA Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam, kisha boti ya Unguja, nikaenda moja kwa moja bustani ya Forodhani, ufukweni mwa mji, nikiwa na nakala za picha za kale za mahali hapo begani.

Zile kongwe, za enzi za studio ya A. C. Gomes, zinautazama mji kutoka majini. Beit al-Ajaib, jumba alilojenga Seyyid Barghash mwaka 1883, limesimama na mnara mbele yake. Picha za baadaye hazina tena mnara huo: mizinga ya Waingereza iliupiga tarehe 27 Agosti 1896. Bustani haionekani popote. Kuna mabanda ya ushuru, mashua na mizigo, na wachukuzi waliojitwika magunia, shingo zimekaza, mmoja amegeukia kamera kabla hajautua mzigo wake. Picha hiyo niliitazama kuliko zote. Maelezo yaliyoandikwa chini yake yanataja jumba tu.

Bandari ilipohamia Malindi, ufukwe ukapata nafasi ya starehe. Mwaka 1936 palifanywa bustani ya kuadhimisha miaka 25 ya utawala wa Sultan Khalifa bin Haroub, pakawekwa na kibanda cha bendi. Tao dogo jeupe linaloelekea baharini ni la 1956. Lilijengwa ili Princess Margaret apokelewe hapo, lakini aliteremkia kwingine.

Ukilinganisha, gati za starehe za Uingereza, kama West Pier ya Brighton iliyofunguliwa 1866, zilijengwa ili watu watembee juu ya maji wakiburudika. Forodhani, starehe ilikuja baadaye, ikakalia mahali pa jasho. Kwangu hiyo ndiyo tofauti kubwa, na ndiyo inayonifanya niipende zaidi.

Siku hizi, baada ya ukarabati wa 2009 uliofanywa na taasisi ya Aga Khan, jua likianza kuzama meza za mishikaki na juisi ya miwa hupangwa. Vijana hukimbia kwenye sakafu ya mawe, hujirusha toka ukutani, hujipindua hewani na kutua majini kwa kishindo, kisha hupanda tena wakichuruzika. Watalii huwapiga picha bila kuwauliza majina.

Lubumbashi gati yetu ilikuwa stesheni. Reli kutoka Rhodesia ilifika tarehe 27 Septemba 1910, mji ukiwa ndiyo kwanza unaanza, na picha za miaka ile zimejaa injini, mabomba ya moshi na maofisa wa Kibelgiji. Waliobeba mataruma na kuchimba shaba wamo pembeni, hawana majina. Sammy Baloji, mpiga picha mzaliwa wa Lubumbashi, aliwarudisha mbele katika kazi yake ya *Mémoire*: aliwatoa wafanyakazi kwenye picha za kikoloni, akawasimamisha katika magofu ya viwanda vya leo. Tunaweza kuendelea pale alipofika. Katika mitaa yetu ya Kamalondo na Kenya bado wapo wazee, baba na mama zetu, wanaoweza kuonyesha uso fulani kwa kidole na kusema huyu alikuwa nani, alitoka kijiji gani, aliishi nyumba ipi. Nikirudi naanza na picha hizo za stesheni, na kalamu ya risasi ya kuandikia nyuma yake.